Togwa ya Bibi na Pakiti ya Duka la Dawa

REHEMA: Karibuni tena. Leo nimekuja na ushahidi mkononi. Zawadi, hebu shika hii.

ZAWADI: Pakiti ya probiotiki. Umenunua?

REHEMA: Mwanangu ana mwaka na miezi miwili, wiki iliyopita kaharisha. Muuza dawa akaniambia, "Mama, hii inarudisha bakteria wazuri tumboni." Kuuliza bei, mate yakanikauka.

ZAWADI: Na ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, alikupa?

REHEMA: Mpaka nilipoiulizia mwenyewe.

ZAWADI: Hapo ndipo ninapogombana na watu. Mtoto anayeharisha, hatari kubwa ni kuishiwa maji. ORS kwanza, na zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Chini ya miezi sita ni miligramu 10. Sasa geuza pakiti yako, wameandika bakteria gani?

REHEMA: Lacto... ngoja. Lactobacillus rhamnosus GG.

ZAWADI: Enhe! GG ni Gorbach na Goldin, watafiti wa Marekani waliompata miaka ya 1980. Mwaka 2018 yalitoka majibu ya jaribio la hukohuko Marekani, watoto 971 wa miezi mitatu hadi miaka minne, wote wana tumbo la kuharisha na kutapika. Wengine wakapewa huyo GG siku tano, wengine unga usio na kitu. Hawakupishana. Kanada, mwaka uleule, mchanganyiko mwingine, watoto 886. Hola!

REHEMA: Basi hela yangu imeliwa.

ZAWADI: Kwa kuharisha kule, naona imeliwa, ndiyo. Lakini usiwatupe bakteria wote. Probiotiki ni kama kusema samaki: dagaa samaki, papa samaki. Odisha, kule India, walichukua wachanga 4,556, nusu wakapewa aina nyingine, Lactobacillus plantarum, pamoja na sukari ya kuwalisha hao bakteria. Maambukizi ya damu na vifo vikashuka kwa asilimia 40. Ila usimpe mchanga kwa kubahatisha, hasa njiti. Hiyo ni kazi ya daktari.

REHEMA: Hiyo sukari ya kulisha bakteria imenishangaza.

ZAWADI: Unayo kifuani, shoga! Maziwa ya mama yana sukari ambayo mtoto mwenyewe haimeng'enyi. Inashuka mpaka utumbo mpana, bakteria wazuri waitwao bifidobakteria wanakula.

REHEMA: Kumbe nanyonyesha ukoo mzima. Na wewe uliyekulia Songea, bibi yako alikuwa na pakiti gani?

ZAWADI: Togwa! Anapika uji mzito, anauacha upoe mpaka uwe vuguvugu, anatia kimea, yaani ulezi uliooteshwa, na togwa kidogo ya jana, anafunika. Kesho yake imechachuka. Ila ikikaa sana inageuka pombe, wajomba wanaanza kuisogelea.

REHEMA: Wajomba tunawajua.

ZAWADI: Kimea kinaulainisha uji bila kuongeza maji, kwa hiyo kijiko kimoja kinabeba unga mwingi zaidi. Halafu bakteria wanauchachua mpaka vijidudu vingi havistahimili. Hapa Tanzania watafiti waliwapa watoto wa chini ya miaka mitano togwa mara moja kwa siku, siku 13 mfululizo. Vijidudu vya kuharisha vikapungua kwenye choo chao kuliko wale wa uji wa kawaida. Majibu yakachapishwa 1999. Bibi hakuyasoma.

REHEMA: Nikiichemsha tena?

ZAWADI: Bakteria wanakufa, uchachu unabaki. Bado chakula.

REHEMA: Na mtindi? Jirani yangu ana ng'ombe.

ZAWADI: Maziwa yachemshwe kwanza, ndipo yagandishwe. Mabichi yanaweza kuwa na brusela, bakteria wa ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, na kugandisha pekee hakuiondoi. Na vyote hivi ni baada ya miezi sita, usiweke sukari.

REHEMA: Kimea nakipata wapi hapa mjini?

ZAWADI: Sokoni, kwa wauza ulezi. Kinuse kwanza. Kikinuka uvundo, mrudishie mwenyewe.