Meja Jenerali Aitken na siku nne za Tanga

Ndugu zangu, jina la Arthur Edward Aitken wengi wenu hamjalisikia, na hata kwao Uingereza wanaomkumbuka ni wachache. Alizaliwa mwaka 1861, akatumikia jeshi la Uhindi zaidi ya miaka 30, akapanda cheo baada ya cheo mpaka akawa meja jenerali. Katika miaka yote hiyo hakufanya la kumtangaza. Kilichomtangaza ni siku nne, tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, katika pwani yetu.

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeanza, naye alitumwa kuitwaa Tanga mikononi mwa Wajerumani. Akaondoka Bombay katikati ya Oktoba na askari wapatao 8,000. Vikosi vyenyewe vilikuwa havijazoeana, vingine vilipewa bunduki mpya karibu na siku ya safari, na watu walifika wamedhoofika kwa majuma ya kubanana melini na kutapika. Nalitanguliza hili kwa sababu namwonea Aitken huruma kidogo. Askari hao hakuwachagua yeye. Serikali ya Uhindi ilikuwa imeshapeleka vikosi vyake vizuri zaidi kwingineko.

Lakini yako yaliyokuwa yake.

Asubuhi ya tarehe 2 manowari iitwayo Fox ilitangulia bandarini. Nahodha wake, Caulfeild, alimwita mkuu wa wilaya, Auracher, akamwambia mapatano ya kutoushambulia mji yamekwisha, akampa saa moja ausalimishe. Auracher akashuka pwani, wala hakurudi. Saa ile mji ulilindwa na kombania moja tu! Aitken alikuwa na jeshi zima baharini, lakini meli zikabaki zikisaka mabomu ya majini ambayo hayakuwapo, na askari wa kwanza wakashushwa Raskazone usiku, nje ya mji. Huku nyuma habari zilishafika Moshi kwa simu ya waya, na Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, anawapakia askari wake kwenye treni. Kutoka Moshi hadi Tanga ni zaidi ya kilomita 300, na reli ile ilikuwa nyembamba, treni zake ndogo. Kila saa iliyopotea baharini ilikuwa saa ya treni hizo.

Lettow aliingia Tanga usiku wa kuamkia tarehe 4. Akachukua baiskeli, akapita gizani kwenye mitaa mitupu kuiangalia kwa macho yake. Aitken, aliyekuwa na siku mbili za kupeleleza mji huohuo, hakuwa amepeleleza sawasawa. Mimi naamini vita viliamuliwa pale, kabla ya risasi za mchana.

Shambulio dogo la tarehe 3 lilikuwa limekwisha kurudishwa. Tarehe 4, kwenye jua kali, Aitken akasukuma jeshi lote kupitia vichaka na mashamba ambamo mtu hamwoni mwenzake. Walionyooka walifika. Askari wa Kashmir na wa Lancashire waliingia mjini wakapigana nyumba kwa nyumba, na Tom von Prince, yule aliyeitwa Bwana Sakarani, aliuawa siku hiyo upande wa Wajerumani. Ubavu wa kushoto wa Aitken ndio ulioangamia. Lettow alizungusha askari wake na bunduki za rashasha, kikosi cha Kihindi cha 101 kikachakazwa, vingine vikatimka kuelekea ufukweni. Na nyuki nao wakawavamia askari. Ilienezwa baadaye kwamba Wajerumani waliwatega. Si kweli: risasi zilivuruga mizinga mitini, nao wakauma pande zote mbili.

Tarehe 5 waliobaki wakarudi melini. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Lettow, aliyekuwa na watu 1,000 hivi, alizika pungufu ya 100, wengi wao askari Waafrika ambao majina yao hayasomwi popote tunapoisimulia vita hii.

Aitken akashushwa cheo hadi kanali, akastaafishwa. Baadaye serikali ilimwondolea lawama, akafa mwaka 1924.

Ninalotaka mlibebe ni kile alichokiacha ufukweni: bunduki za rashasha, mamia ya bunduki za kawaida na risasi zipatazo 600,000. Lettow alizipa kombania zake silaha hizo, akaendelea kupigana hadi alipojisalimisha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Miaka minne! Mizigo ya vita hivyo, ya pande zote mbili, ilibebwa kichwani na wapagazi, na walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa, kuhara na uchovu, wengi bila kuona adui. Waingereza walikiita kikosi chao cha wapagazi Carrier Corps, watu wakatamka kwa namna yao, na kambi yake ya Dar es Salaam ikaacha jina hilo pale iliposimama. Ndiyo Kariakoo.