Sauti ya Komeo

Ndugu zangu, wazee wangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie raha ndogondogo za maisha, nami naomba nianze na komeo la mlango.

Nyumbani tulizaliwa watano. Mama hakuwa akilala mpaka wa mwisho wetu aingie. Taa alishazima, yuko kitandani, lakini masikio yako mlangoni. Wala hakuuliza nani anaingia. Kaka mkubwa alilisukuma komeo kwa kishindo kimoja. Dada alilisogeza taratibu, akidhani hasikiki. Na mimi, mama aliniambia, nilifunga, nikatulia kidogo, kisha nikalijaribu tena kama limeshika. Hayo aliniambia nikiwa mtu mzima, nina watoto wangu. Miaka yote hiyo sikujua kwamba nafunga mlango hivyo. Usiku ule nilipokwenda kufunga nikajisikiliza: kweli, mara mbili!

Naomba tukae hapo kidogo. Kuna mtu alinijua kwa jambo ambalo mwenyewe sikulijua, na alinijua hivyo kwa kuwa alikuwa akinisubiri. Sijui raha inayoipita hiyo.

Mazoea huota polepole, tena bila kelele. Phillippa Lally na wenzake, katika chuo kikuu cha University College London, waliwafuatilia watu 96 ambao kila mmoja alichagua jambo dogo la kufanya kila siku, kama kunywa maji au kufanya mazoezi ya mwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo kufika mahali linafanyika lenyewe, bila kujilazimisha. Lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa: kwa makadirio yao, kutoka siku 18 hadi siku 254. Tena waliona kwamba kuruka siku moja hakuvunji kilichokwisha jengwa. Hilo lilinipa moyo sana, kwa sababu mimi ni mtu wa kuanza na kuacha.

Nilichotaka kuanza kilikuwa hiki: nikifika nyumbani jioni, simu iingie kwenye droo, nami nikae sebuleni na watu wangu. Nisiwe na ajenda. Nikae tu. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu, nawaambieni kweli. Mkono ulikuwa unaipapasa simu isiyokuwepo. Mtoto ananisimulia habari za rafiki yake, mimi namwitikia "ehee, ehee," na moyo uko kazini.

Mwaka huohuo wa 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard walitoa utafiti wao. Waliwauliza watu wazima 2,250, kwa kupitia simu zao, katika saa zisizotarajiwa: unafanya nini sasa hivi, unawaza nini, unajisikiaje? Karibu nusu ya mara walizoulizwa, asilimia 46.9, mawazo yalikuwa mbali na kilichokuwa mkononi. Na mtu ambaye mawazo yake yametangatanga alikuwa, kwa wastani, na furaha pungufu kuliko aliyetulia kwenye jambo lake, hata kama jambo lenyewe halikuwa la kupendeza. Niliposoma hayo nilimkumbuka mtoto wangu na zile "ehee" zangu. Niliumia.

Siku sikuzihesabu. Ninachojua ni kwamba jioni moja niligundua simu iko kwenye droo na sikumbuki kuiweka. Tangu hapo nimeanza kuwasikia. Mke wangu huguna kidogo, kwa pumzi, kabla hajasema jambo zito. Binti yangu hushuka ngazi mbilimbili akiwa na furaha, na mojamoja akiwa na neno moyoni. Haya yalikuwepo siku zote, na mimi nilikuwepo, ila sikuwa ninasikia.

Mama sasa anaishi kwetu. Masikio yake yamechoka, komeo halisikii tena. Kwa hiyo nikichelewa kurudi, nafunga, natulia, najaribu tena, kisha naingia chumbani kwake namgusa mkono. Huuliza bila kufumbua macho:

"Umejaribu mara mbili?"

"Mara mbili, mama."

Ndipo anapogeukia ukutani, akalala.