Paka Ananyonyoka Manyoya na Hajikuni: Namna ya Kumkagua Nyumbani

Karibuni. Leo niko barazani kwangu Magomeni, saa moja asubuhi, kabla jua halijachachamaa. Huyu mnayemwona mezani anaitwa Kibua, jina la samaki pekee anayekubali kumla. Nimemtandikia taulo asiteleze. Kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Akianza kupigapiga mkia, mwache apumzike, la sivyo utakula makucha.

Paka niliyekuwa naye kabla ya Kibua alinyonyoka tumbo. Dukani nikapewa dawa ya upele, nikapaka wiki tatu. Daktari alipompima kwa ultrasaundi, akakuta uvimbe kwenye kongosho, na ulishafika kwenye ini. Muuzaji simlaumu sana, hata mimi nilikuwa natazama ngozi tu. Nilichokiona nikakipuuza ni kwamba hakuwa akijikuna.

Hatua ya kwanza, tazama manyoya yametoka wapi. Viroboto hupenda kiunoni, karibu na mkia. Chana hapo, hivi, kisha kung'utia uchafu kwenye tishu nyeupe yenye maji. Uchafu huo ukiacha rangi ya kutu, hicho ni kinyesi cha viroboto, na wao ndio wa kushughulika nao. Kipara cha mviringo chenye magamba huenda ni mashilingi, yaani ukungu wa ngozi, na hayo huambukiza watoto, kwa hiyo nawa mikono.

Sasa mgeuze. Sogeza kamera hapa, ndani ya mapaja. Kibua yuko salama. Yule wangu manyoya yalikwisha pande zote mbili sawasawa, ngozi ikang'aa kama imepakwa mafuta, na nikivuta kidogo tu, kifungu kizima kinabaki vidoleni naye hata hashtuki. Ukikuta hivyo kwa paka mzee anayekonda, mpeleke kwa daktari wiki hiyo hiyo.

Usichanganye na paka anayejilamba. Mwenye maumivu ya kibofu naye hulamba tumbo la chini mpaka linabaki tupu, ila manyoya yake yamekatika: pitisha kidole kinyumenyume, utahisi vishina vinachoma. Na kama ni dume, anachuchumaa na mkojo hautoki, zima video umpeleke sasa hivi.

Hatua ya pili, ngozi yenyewe. Mba mzito unaoanza kichwani, masikioni na shingoni, bila kuwashwa, wakati mwingine hutokana na uvimbe kifuani, mbele ya moyo. Huu una matumaini: ukitolewa kwa upasuaji, ngozi inaweza kupona yenyewe. Kwa hiyo akilala, hesabu pumzi zake dakika nzima. Zikizidi 30 mara kwa mara, mwambie daktari, aamue kuhusu picha ya eksirei.

Usimbebe kwa kumshika ngozi ya shingo. Wapo ambao ngozi huwa nyembamba ikachanika kama karatasi iliyolowa. Mara nyingi chanzo ni tezi zilizo juu ya figo, na kisukari huwa kiko karibu. Sindano za steroidi za mara kwa mara nazo huweza kuleta hali hiyo, kwa hiyo ukichomewa paka ya "kuzuia muwasho", uliza ni dawa gani.

Hatua ya tatu, rangi. Inua mdomo, tazama fizi, kisha weupe wa macho na ndani ya masikio. Umanjano unaashiria tatizo la ini au la damu. Paka mnene aliyegoma kula siku mbili tatu msimsubiri, maana ini lake hujaa mafuta. Paka mweupe mkague pia ncha za masikio, jua la hapa Dar huwaletea saratani ya ngozi.

Nyayo. Kidole kilichovimba na kutoa usaha mara nyingi ni jeraha tu. Vikivimba vidole vya miguu tofauti kwa paka mzee, usiishie kwenye kufunga bandeji: saratani ya mapafu huweza kushukia huko.

Mwisho, uzito. Panda mizani naye, kisha panda peke yako, utoe. Kibua ana kilo 4.1, nimeandika ukutani kwa chaki. Paka wa miaka zaidi ya 10 anayekula kama mchwa huku anakonda na manyoya yamechakaa, ombeni apimwe thairoidi, ile tezi ya shingoni.

Kabla ya kutoka nyumbani, usimpake wala kumnywesha kitu. Panadoli inaua paka, na dawa ya viroboto ya mbwa yenye pemethrini pia. Hata mafuta ya nazi subirini, daktari anatakiwa aikwangue ngozi ikiwa kavu. Piga picha za vipara kwa simu, mtie kwenye tenga, lifunike kwa kanga, mpande bajaji. Bodaboda hapana, Kibua alishawahi kuruka pale Morocco, hapa hapa Dar, nikamkimbiza mpaka kwenye mtaro.