Jumapili Zangu za Barabarani Umbria: Pesa Natoa Wapi, na Safari Naipangaje

Assalaam aleikum, hamjambo nyote. Nimeshaegesha gari, msianze kunigombeza. Hapa nilipo ni Castiglione del Lago, mkoa wa Umbria, Italia, ziwa lile pale nyuma yangu, na upepo ukizidi mtanivumilia kwa sauti.

Video ya leo sikuikusudia. Lakini kila nikitia picha za vilima vya huku, swali linalokuja ni lile lile, ila kila mtu analivalisha nguo yake. Mwenye adabu huandika, "Kaka, nikija Italia wiki moja nikakodi gari, nipite wapi mashambani?" Asiye nayo huandika, "Wewe kazi unafanya siku gani?"

Nianze na huyo wa pili kwa sababu ndiye anayeniuma. Kazi yangu ni ya ghala, mjini Perugia ninakoishi, Jumatatu hadi Jumamosi. Zamu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Jumapili ndiyo siku yangu moja. Miaka miwili ya mwanzo Italia yangu ilikuwa kituo cha basi, ghala na kitanda. Sasa kuna mtu wa ukoo wetu, simtaji, alimwambia mama yangu mbele za watu kwenye arusi, "Mwanao anakula raha Ulaya na ukuta wa nyumba yako haujapigwa plasta." Mama alinipigia usiku ule analia. Ile plasta nilishatuma pesa zake, fundi ndiye aliyepotea. Basi leo nitataja bei ya kila kitu, mjue raha hiyo inagharimu nini.

Tuanze na leseni, kwa sababu hapo ndipo nilipoumia zaidi. Malindi nimeendesha magari ya watalii miaka tisa. Barabara ya Sala Gate kuingia Tsavo Mashariki naijua kwa mashimo yake, na Kitaliano changu nilikipata humo humo garini, nikiwapeleka Wataliano kuona ndovu. Nikaja huku, nikajiandikisha kama mkazi, na kuanzia siku hiyo leseni ya Kenya ina mwaka mmoja tu. Ukiisha, huruhusiwi tena kuendesha nayo. Wamoroko na Watunisia nchi zao zina mkataba na Italia, wao wanabadilishiwa tu. Sisi Wakenya hatuna. Unarudi darasani na kijana wa miaka kumi na minane.

Mtihani wa nadharia ni maswali 30 ya kweli au si kweli, dakika 20, ukikosa manne umeanguka. Na ni kwa Kitaliano, Kiingereza hakipo. Mimi nilikosa manne. Mawili kati ya hayo yaliniangusha kwa maneno ya namna hii: carreggiata na corsia. La kwanza ni barabara nzima yanamopita magari, la pili ni ule mstari mmoja unaokaa wewe. Kitaliano cha ufuoni hakinifundishi hilo. Mtalii wa Malindi hajawahi kuniuliza habari za carreggiata. Nikarudia, nikapita. Halafu ukajifunze tena gari lenye maandishi "scuola guida", yaani shule ya udereva, mwalimu pembeni anakuambia, "Tazama kioo." Masomo, fomu, daktari wa macho na mtihani, mfuko wangu ulitoa karibu euro 900.

Likaja la bima. Huku madereva wamepangwa madaraja, 1 ndilo bora na 18 ndilo baya, na mgeni anaanzia la 14. Kijana wa jirani yangu ana miaka kumi na tisa, gari lake la kwanza amelikatia bima kwa daraja la babake, kwa sababu sheria ya mwaka 2007 inamruhusu kama wanaishi nyumba moja. Simuonei kijicho yule kijana. Lakini mimi babangu yuko Malindi na hajawahi kumiliki gari. Mwaka wa kwanza bima ya kigari changu, Fiat Panda kuukuu, ilipita euro 1,000. Ukiniona nimeegemea kile kigari nikacheka, jua nimekitolea jasho.

Haya, safari yenyewe. Nasema hivi ninavyofanya mimi, peke yangu au na rafiki mmoja. Mwenye watoto wanne nyuma atapanga mengine, na mwenye pesa zaidi yangu pia atapanga mengine.

Mimi sipangi miji mitano. Napanga mmoja wa asubuhi na mmoja wa jioni, na katikati chakula. Wageni wengi hutazama ramani, wakaona kilomita 40, wakasema nusu saa. Barabara za vilima huku ni kona juu ya kona, nyuma ya trekta, na kasi ya mwisho ni 90 hata kama mbele pako wazi, na ukiingia kijijini ni 50. Kilomita 40 zihesabu saa nzima. Ukienda na hesabu hiyo hukimbizwi na mtu.

Mfano, Jumapili iliyopita. Saa mbili na nusu asubuhi nimetoka Perugia kwenda Spello, kama kilomita 30, barabara pana isiyolipiwa. Umbria ina neema hiyo: ile E45 na ile inayokwenda Bettolle kupitia huku ziwani ni bure. Ya kulipia ni A1, ile kubwa ya Milano hadi Napoli. Unachukua tikiti ukiingia na unalipa ukitoka kwa kadiri ya mwendo wako. Mimi nikiweza kuikwepa naikwepa. Spello niliacha gari chini ya lango la Kirumi, nikapanda kwa miguu. Mji ni wa mawe ya rangi ya waridi, vyungu vya maua kila ngazi, na mteremko wote wa kuelekea Assisi ni mizeituni. Nikanywa kahawa nimesimama kaunta. Ukikaa mezani bei yaweza kupanda. Kisha Bevagna, tambarare, kimya, uwanja wake wa katikati una makanisa mawili ya zamani yanayotazamana. Nimerudi nyumbani kabla ya magharibi. Petroli ya siku nzima, kama euro 10. Maegesho 3. Chakula 16. Ndiyo raha yenyewe hiyo.

Saa za kula zishike. Jikoni huku hufunguliwa kama saa sita na nusu na ikifika saa nane na nusu wameshafunga. Ukifika saa tisa na njaa yako utapewa chipsi za pakiti. Na saa hizo za alasiri kijiji kizima kinalala, maduka yamefungwa mpaka saa kumi. Mimi saa hizo huziweka za kutembea au za ziwa.

Na kwa sisi Waislamu, fungueni masikio. Umbria ni nchi ya nguruwe. Upande wa Norcia hasa, mpaka neno la Kitaliano la mchinja nguruwe, norcino, limetokana na mji huo. Dengu za Castelluccio ni nzuri ajabu, ndogo ndogo, lakini mara nyingi zimepikwa na soseji. Uliza kabla hawajapakua. Mimi huagiza torta al testo, mkate bapa unaochomwa juu ya bamba la moto, ukiuona utasema chapati nene ya bi mkubwa. Naomba waujaze mboga na jibini, na nauliza kama unga wametia mafuta ya nguruwe. Siku ya kwanza niliyoukata ule mkate na mvuke ukatoka, nilinyamaza kidogo.

Sasa faini. Katikati ya miji ya zamani kuna eneo linaitwa ZTL, magari ya wasio wakazi hayaingii saa fulani. Hakuna polisi wala kizuizi. Kuna kibao cheupe chenye duara jekundu na kamera juu yake, basi. Mimi mji mmoja wa Toscana niliingia kwa kumfuata mwenye simu, yaani ramani, nikapotea, nikazunguka, nikapita kamera ile ile mara ya pili. Zikaja barua mbili, kila moja euro 83 na gharama za posta juu. Ukilipa ndani ya siku tano unapunguziwa asilimia 30. Mimi siku hizo nilikuwa kwenye foleni za kibali changu cha kukaa, bahasha nikaiweka juu ya friji nikidhani ni ya kibali. Nikalipa zote kamili. Zidisheni wenyewe kwa shilingi. Ni zaidi ya 20,000, na plasta ya mama ingepata simenti humo.

Kwa hiyo fanya kama nifanyavyo sasa: acha gari nje ya ukuta wa mji, kila mji. Mistari myeupe ni bure, ya bluu unalipia mashine, ya manjano si yako. Na wewe wa kukodi, barua itakufuata hadi nyumbani, na kampuni itakukata pesa yake ya kupeleka jina lako. Chukua kibali cha kimataifa cha udereva kwa AA Kenya, chama cha wenye magari, kabla hujapanda ndege, na sema mapema kama huwezi gia za mkono, kwa sababu huku za mkono ndizo nyingi. Upande ni wa kulia. Asubuhi ya kwanza, ukitoka maegesho na barabara ni tupu, ndipo mkono wa Kenya unakuvuta kushoto. Andika "kulia" kwenye karatasi, ubandike mbele yako. Mimi nilifanya hivyo wiki nzima.

Swali la mwisho, kwa nini kila mara narudi ziwa hili la Trasimeno. Ni la nne kwa ukubwa Italia, na ng'ambo kule, Tuoro, ndipo jemadari Hannibal wa Carthage alipowapiga Warumi mwaka 217 kabla ya Kristo. Lakini mimi nakuja kwa sababu ya samaki. Persico wa kukaanga, ndimu, hakuna haja ya kuuliza kuna nguruwe. Kisha nampigia mama, nageuza kamera aone maji, na kila mara ananiuliza kama yanakupwa na kujaa. Namwambia hapana mama, haya yanatulia tu. Hebu nimpigie sasa, kwao ni saa ya adhuhuri.