Kabla hujamleta mtoto mwenye mahitaji maalumu England, soma ukurasa huu

Habari zenu, wapendwa. Leo naongea na mnaojiandaa kuleta watoto huku England, hasa mwenye mtoto anayechelewa kuongea, asiyesikia vizuri au anayehangaika kusoma. Nasema England makusudi. Scotland na Wales wana taratibu zao.

Kabla ya kukata tiketi, ingia Google, andika jina la shule na maneno haya: SEN information report, yaani ripoti ya shule kuhusu mahitaji maalumu. Shule za serikali zinalazimika kisheria kuiweka ripoti hiyo kwenye tovuti na kuipitia upya kila mwaka. Humo ndimo inapotakiwa kuandikwa mtoto anatambuliwaje, anasaidiwaje na umpigie nani. Anza na tarehe, halafu jina la SENCO, yaani mwalimu mratibu wa mahitaji maalumu. Ripoti ikiwa ya zamani, huenda mwalimu huyo alishahama. Na vifupisho visikutishe: SLCN ni usemi, lugha na mawasiliano, SEMH ni hisia, mahusiano na afya ya akili. Shule ingeweza kuandika hivyo tu, lakini wapi!

Sasa, mtego uko hapa. Mtoto kutojua Kiingereza peke yake si mahitaji maalumu, na ni sawa. Ila mwenye shida ya kweli naye anaambiwa "tusubiri kwanza ashike lugha", muhula unakatika. Kinachoamua ni Kiswahili chake: je, hata huko nyumbani alishindwa kuunga sentensi? Bibi aliyemlea ndiye anayejua. Basi beba kadi ya kliniki, ripoti za shule, majibu ya vipimo vya masikio, na maelezo ya bibi kwenye karatasi: alianza kuongea lini, wasio wa nyumbani wanamwelewa, akiagizwa mambo 2 kwa mpigo anayafanya yote?

Msaada wa shule usipotosha, mzazi mwenyewe anaweza kuiandikia halmashauri kuomba tathmini ya mpango wa EHC, yaani mpango rasmi wa elimu, afya na matunzo ya mtoto. Hahitaji ruhusa ya mwalimu mkuu. Halmashauri ina wiki 6 za kujibu kama itamfanyia tathmini, na mpango ukikubaliwa uwe umekamilika ndani ya wiki 20 tangu ombi lipokelewe. Wengi huchelewa, kwa hiyo tuma kwa barua pepe ubaki na ushahidi wa tarehe. Wakikataa, una miezi 2 ya kukata rufaa, kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua yao, si siku uliyoifungua. Ushauri wa bure uko SENDIASS ya eneo lako, yaani huduma ya kuwashauri wazazi wa watoto wenye mahitaji maalumu. Ukipiga simu, ulizia mkalimani mapema.