Kidonda Kisichouma
(Mhadhara uliotolewa mwaloni Kirumba, Mwanza)

Gono haihitaji mhadhara. Mwanamume akiipata, baada ya siku 2 hadi 7 mkojo unamchoma, usaha unachafua nguo, na zahanati anaitafuta mwenyewe. Tuiache.

Nimekuja kwa ajili ya kaswende, na wanaonijua wameshaanza kunong'onezana, "Haya, kidonda chake hicho!" Ndiyo, hichohicho. Hutoka wiki 3 hivi baada ya tendo, pengine miezi 3. Hakiumi. Kikimtoka mwanamke ndani ukeni, atakionaje? Mvuvi anakiona, anapewa unga na mzee fulani, anapaka, anavuka zake kwenda kambini Ukerewe. Akirudi kimekauka. Mzee kalipwa, tena kasifiwa! Jamani, kidonda kile hukauka chenyewe ndani ya wiki 3 hadi 6, upake unga, upake mafuta ya sangara, usipake kitu. Vijidudu vimeshaingia kwenye damu. Baadaye vipele vinatoka hadi viganjani na nyayoni, wala haviwashi. Anasema dagaa wamemdhuru. Navyo vinapotea, anasifiwa mzee wa pili. Huku nyumbani mkewe mjamzito anazaa mtoto mfu, na lawama anabebeshwa jirani mchawi.

Kuna baba pale anataka kuniuliza, "Sasa kama hakiumi nitajuaje?" Kwa kupima damu, baba. Kliniki ya wajawazito wanapima, ndiyo maana tunakuomba umsindikize mama. Na sindano ya penisilini bado inaitibu vizuri. Ukitibiwa peke yako, mwenzio anakurudishia.

Mama zangu, kwenu gono na klamidia, nayo ya zinaa, mara nyingi hazina dalili yoyote. Zikijitokeza ni uchafu usio wa kawaida, maumivu chini ya kitovu, damu baada ya tendo. Ila si kila damu ni zinaa: kichocho cha madimbwini na majarubani, kinachoenezwa na konokono, nacho hutoa damu kwenye mkojo, na huumiza uke. Msivunje ndoa kwa kosa la konokono.

Anayeona haya ni mambo madogo, hapahapa mkoani kwetu, kuanzia 1991 hadi 1994, watafiti waliboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika zahanati za vijijini. Maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa karibu asilimia 40. Dunia ikajifunza kwetu, sisi tunanunua kapsuli nne dukani na kugawana na shemeji!

Masundosundo na malengelenge nilitaka kuyagusa, lakini naona wapakiaji wa dagaa wameshaanza kuniangalia vibaya. Meza ya vipimo ile pale. Njooni wawiliwawili.