Trekta Ndogo ya Mtumba kwa Shamba la Miti: Hospawa Iulize Mwisho

Assalam alaikum, watu wangu wa Malindi. Na nyinyi wa Gede, wa Mambrui, wa Marafa kule juu, nawasalimu wote. Leo niko hapa Småland, kusini mwa Uswidi, kwenye yadi ya trekta kuukuu. Huku ukitoka mjini kidogo tu ni msitu mpaka macho yachoke, na watu wengi wenye kipande cha ardhi hukata kuni zao wenyewe. Kwa hiyo trekta ndogo za mtumba ni biashara ya kawaida.

Nimekuja kwa sababu ya mjomba wangu wa Msabaha. Ana shamba la mvinje, upande mmoja mikorosho ya zamani na minazi, na nyuma kabisa kichaka hakijawahi kuguswa. Anataka trekta ndogo ya mtumba, na swali lake la kwanza lilikuwa lile ambalo wengi mnaniuliza: ninunue ya hospawa ngapi, yaani injini ya nguvu kiasi gani? Mjomba, kwa heshima yako, hilo liache mpaka mwisho. Kwenye shamba la miti kuna mambo ya kutazama kwanza, na moja linaweza kukuua.

Tazameni hapa nyuma ya kiti. Hiki chuma kilichosimama kama fremu ya mlango ni fremu ya kinga. Trekta ikipinduka, yeye ndiye anayebeba uzito, dereva anabaki hai, mradi amefunga mkanda. Uswidi iliweka sharti la fremu kwenye trekta mpya mwaka 1959, na vifo vya madereva waliopinduka vikapungua sana. Kwetu bado naona vijana wanalima bila fremu, na mwenye trekta anasema ameing'oa kwa sababu inakwama kwenye matawi. Jamani! Kwenye miti ndiko inakohitajika zaidi. Kuna kisiki usichokiona chini ya majani, kuna shimo, na huko Marafa kuna makorongo yanayokula ardhi kila mvua. Gurudumu moja likipanda kisiki na la upande wa pili likazama, mambo yamekwisha kabla hujageuza usukani.

Kama shida ni matawi, tafuta fremu inayokunjwa. Unaikunja unapopita chini ya mkorosho, ukitoka unaisimamisha tena. Ikiwa imekunjwa, usifunge mkanda, maana hapo mkanda utakushikilia chini ya chuma. Ikiwa imesimama, funga. Na kwa wenye minazi, ongezeni paa la chuma zito juu ya fremu, kwa sababu fremu peke yake haizuii nazi wala tawi kavu linaloanguka.

Sasa sikilizeni hili la kukokota magogo, nitalisema polepole. Gogo linafungwa kwenye kile chuma cha chini kabisa nyuma ya trekta, chini ya ekseli. Usifunge mnyororo kwenye mkono wa juu wa ile mikono mitatu ya nyuma inayoshika zana, wala kwenye ekseli yenyewe, wala kwenye kiti. Ukifunga juu na gogo likakwama kwenye mzizi, magurudumu ya nyuma yanaendelea kusukuma, pua inanyanyuka, na trekta inakurudia mgongoni. Inachukua kama robo tatu ya sekunde kufika mahali ambapo hata ukikanyaga klachi haisaidii. Hakuna dereva hodari mwenye mguu wa kasi hiyo. Watu wa huku wengi wanatumia winchi inayofungwa kwenye mikono mitatu: unasimamisha trekta mahali pazuri, unavuta gogo kwa waya mpaka lije. Trekta haiingii kichakani kabisa. Nawapendekezea hiyo kwa moyo wote.

Haya, vipimo. Kabla ya kwenda kuangalia trekta yoyote, chukua utepe uende shambani. Kama mvinje zako umezipanda kwa mita 2 na nusu, trekta yenye upana wa mita 1.4 inapita na unabaki na nafasi ya kukata kona. Massey Ferguson 240, ambayo wengi mnaipenda na mimi naiheshimu, ni pana na inafika karibu tani 2. Shamba la mahindi, sawa. Katikati ya mvinje utakuwa unachubua magome kila mstari, na mti uliochubuliwa unaingiza maradhi. Hizi ndogo za hospawa 20 hadi 30 zina kilo 1,000 na kitu. Kwa kazi ya mjomba, yaani slasha ya kukatia nyasi na vichaka, trela la kuni, na kuvuta mvinje moja moja, zinatosha kabisa.

Nyingi za saizi hiyo, Kubota, Yanmar, Iseki, asili yake ni mashamba ya mpunga ya Japani. Ni mashine nzuri, injini za silinda tatu za dizeli zinazodumu. Lakini zilitengenezwa kwa tope laini, na nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hazikuwa na fremu. Tena angalia pitio, ile shafti ya nyuma inayozungusha slasha. Nyingi za Japani zina mwendo wa pitio zaidi ya mmoja, na maandishi ni ya Kijapani. Slasha nyingi zimeundwa kwa mizunguko 540 kwa dakika. Ukiweka gia ya juu bila kujua, visu vinazunguka kwa kasi ambayo havikuundwa nayo, na kisu kikikatika kinaruka kama risasi. Fundi apime kwanza, halafu pigeni rangi kwenye gia ya 540 ili hata kijana mgeni ajue. Kwenye zile za zamani pia, ukikanyaga klachi, uzito wa slasha inayozunguka unaweza kuendelea kuisukuma trekta mbele. Kuna kiungo kinachowekwa kwenye shafti kuzuia hilo. Kinunuliwe siku hiyo hiyo ya kununua slasha.

Njooni huku mbele. Hii ni foo-wili, yaani injini inasukuma magurudumu yote manne, na kwa mchanga mwekundu wa Magarini mimi nasema chukua foo-wili kama mfuko unaruhusu. Kwenye Kubota za zamani utaona herufi DT mwishoni mwa namba ya modeli, hiyo ndiyo foo-wili. Sasa, tairi. Tairi za mbele na za nyuma kwenye trekta hizi zimepigiwa hesabu pamoja. Za mbele ni ndogo, kwa hiyo gia zake zinazifanya zizunguke haraka zaidi, ziende sambamba na za nyuma au zitangulie kidogo tu. Mtu akibadilisha tairi za mbele kwa saizi yoyote aliyoipata dukani, foo-wili ikiwashwa kwenye ardhi ngumu magurudumu yanapigana, na kinachovunjika ni gia za ndani ya ekseli ya mbele. Hiyo ni moja ya spea ghali sana. Soma namba za tairi zote nne, piga picha, linganisha na kitabu cha trekta. Pitisha kidole nyuma ya vitovu vya magurudumu ya mbele: ukitoka na oili, sili zimekwisha, na mchanga umeshaanza kuingia.

Tairi zenyewe, kwa nchi yetu, nataka zenye ukuta mnene. Visiki vya mvinje vilivyokatwa mshazari, miiba ya migunga, mawe ya matumbawe upande wa Gede, vyote vinashambulia ubavu wa tairi.

Na inameni mtazame tumbo. Hapa Uswidi, trekta iliyofanya kazi msituni utaikuta na bamba la chuma chini ya injini, na wavu mgumu mbele ya rejeta. Kama haina, mchomeleaji wa Malindi atakutengenezea vizuri tu. Mipira ya haidroliki inayoning'inia ifungwe juu, na valvu za tairi zikingwe, kwa sababu kijiti kimoja kinatosha kuziharibu. Rejeta kwetu ni jambo zito kuliko huku: joto, vumbi, na yale majani membamba ya mvinje yanayojaa kwenye matundu. Isafishwe kila siku ya kazi.

Injini. Huku baridi inatusaidia. Injini iliyochoka asubuhi ya baridi haiwaki, au inawaka kwa shida na moshi mweupe mwingi. Malindi joto linaficha ugonjwa, injini mbovu, hata yenye hita plagi (zile za kuipasha moto kabla ya kuwaka) zilizokufa, bado itawaka. Kwa hiyo nenda alfajiri, weka kiganja kwenye injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji amekutangulia, rudi kesho. Ikiwaka, fungua kifuniko cha oili: pumzi ikitoka kwa nguvu kwa mapigo, pistoni na ringi zimechoka. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inaungua. Chomoa kijiti cha oili, ukikuta rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, ondoka hapo. Nyanyua mikono ya nyuma ikiwa na mzigo, zima injini, piga gumzo na mwenyewe kwa muda. Ikishuka upesi, haidroliki inavuja ndani.

Saa zilizoandikwa kwenye mita msiziamini peke yake. Mita hubadilishwa. Pedali ya klachi iliyolika mpaka chuma kinang'aa haisemi uongo.

Wengine mmeuliza kuhusu zile zisizo na gia, za kukanyaga tu pedali. Ni tamu sana kuendesha katikati ya miti, sikatai. Lakini pampu yake ikiharibika, mafundi wa kuitengeneza ni wachache na inataka usafi mkubwa. Kwa kijijini mimi nachagua gia za kawaida na klachi. Na kabla ya kulipa, ingia maduka ya spea Malindi na Mombasa na namba ya modeli mkononi, uulize filta, sili na klachi. Wakikuambia ni ya kuagiza nje kila kitu, fikiria tena, hata kama bei ni ya kutamanisha. Hapo Massey inazishinda hizi zote, na kama miti yako umeipanda kwa nafasi pana, nunua Massey bila wasiwasi.

Mwenye trekta anayoitazama, aniwekee hapa chini picha ya kibao cha namba, picha ya tumbo, picha za tairi zote, na video ikiwashwa ikiwa baridi. Nitazipitia moja moja.

Na wewe mjomba, ile ya Mtwapa uliyonitumia jana nimeitazama vizuri. Injini inasikika safi. Haina fremu, na tairi ya mbele kulia si saizi moja na ya kushoto. Usimpe arbuni bado. Mwambie fundi ainyanyue mbele kwa jeki, azungushe magurudumu kwa mkono, asikilize ekseli. Ikiwa kimya, ondoa kwenye bei gharama ya fremu na tairi mbili, umtajie hiyo. Akikataa, nipigie, kuna nyingine Kilifi nimeiona.